Kioo Kinachotazama Chini

Nilikipeleka Lweba. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kuzungukazunguka. Kile chombo cha kupimia mwanga, ambacho chuo kilinikabidhi kwa saini tatu na onyo moja, nilikipeleka Lweba, kando ya ziwa, kwenye ndagala, yaani dagaa, za shangazi yangu kabla ya kukipandisha mlimani. Profesa wangu aliniuliza kama chombo kiliwahi kwenda popote kabla ya mlima, nikasema hapana. Jopo lililonihoji siku ya kutetea tasnifu lilinirudia na swali hilohilo, nikasema hapana kwa Kifaransa kizuri zaidi. Kwa ajili ya hapana hizo, mtu aitwaye Kambale, mwenye mkono uliotulia kuliko mikono yote niliyopata kufanya nayo kazi, alinyang'anywa kazi ya kupima akarudishwa kubeba kuni. Yuko hai. Hadi mwaka huu alikuwa bado anabeba kuni.

Ninyi vijana wa Baraka na Fizi mlioniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu ya theluji, najua mlitegemea nianze na theluji. Tutaifikia. Kazi hiyo nimeiacha mapema kuliko watu wa ofisini wanavyoacha zao, kwa sababu goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu na halikutaka mazungumzo. Sasa ninaishi Baraka, ninaandika makala ambazo watu wachache husoma, na jioni watoto wa jirani huniuliza kama ni kweli nimewahi kukanyaga friji.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Jua likipiga kitu, sehemu ya mwanga huingia na sehemu hurudi. Paa la bati jipya huwezi kulitazama saa sita mchana. Bati la kutu unalitazama bila taabu. Theluji iliyoanguka leo ni bati jipya: karibu mwanga wote unarudi ulikotoka, nayo inabaki na baridi yake. Barafu ya zamani, yenye vumbi na masizi, ni bati la kutu: inameza mwanga, inapata joto, inayeyuka. Ikiyeyuka, uchafu unabaki juu, barafu inazidi kuwa nyeusi, inazidi kumeza. Mimi nilipima kiasi cha mwanga unaorudi kutoka kwenye barafu ya Ruwenzori, upande wetu wa Congo. Miaka sita. Nilipomweleza baba yangu haya yote niliyosomea shahada ya udaktari, alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Basi hii njo docteur?"

Chombo nacho si cha ajabu. Chukueni nusu mbili za yai, ziwe za kioo, mzibandike mgongo kwa mgongo. Kioo cha juu kinatazama mbingu na kuhesabu mwanga unaoshuka. Kioo cha chini kinatazama theluji na kuhesabu mwanga unaorudi. Unagawanya hesabu ya chini kwa ile ya juu, na jibu ndilo mkate wako. Chombo kinafungwa kwenye ncha ya mti mrefu, mtu anaushika mti huo ukiwa umelala mbele yake ili kivuli cha mwili wake kiwe mbali. Karibu na chombo kuna kipovu ndani ya maji, kama kile cha fundi wa nyumba. Kipovu kikitoka katikati, chombo kimeinama, na namba uliyosoma ni ya uongo. Kwa hiyo kazi nzima inamtegemea anayeshika mti. Mwenye docteur anasimama pembeni na daftari.

Andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu huganda, na usipoganda mvua itauosha. Andikeni pia mbingu ilikuwaje, kila mara, hata kama hakuna aliyewauliza, kwa sababu wingu likipita kati ya kusoma juu na kusoma chini, mmepima wingu. Ruwenzori kuna siku tulikaa saa tano tukingoja dakika nne za mbingu isiyobadilika. Tulipozipata, mwenzetu alikuwa ameenda haja.

Habari za chombo zilifika mpaka Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, na huko zilipitia midomo mingi. Nilipokuwa nyumbani Baraka nikijiandaa kusafiri, alikuja bwana mmoja kwa pikipiki, matope mpaka kifuani, ameacha mashimo yake siku mbili. Alikitazama chombo kwa heshima.

"Hii mashine inaona chini?"

"Inaona mwanga unaotoka chini."

"Dahabu haiko na mwanga?"

"Ikiwa juu ya ardhi, iko nao. Lakini hapo hata wewe utaiona."

"Na huu mwanga unapima, bananunua wapi?"

Nikamwambia hakuna anayenunua. Alinitazama kama mtu aliyeona msiba wa jirani, akawasha pikipiki. Tangu hapo, kila nikiandika ombi la ufadhili, swali lake lilikuwa limekaa mezani pangu.

Kambale nilimkuta chini ya mlima, Mutwanga. Huko ukiita Kambale sokoni, nusu ya soko inageuka. Huyu wangu alikuwa mlimaji wa kahawa, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwenye maneno machache. Tulimchukua kama mpagazi. Siku ya pili juu, msaidizi niliyetoka naye Bukavu alishikwa na ugonjwa wa mwinuko akateremshwa, nikabaki na mti na hakuna wa kuushika. Kambale akauchukua. Alichimba matundu mawili kwenye theluji kwa kisigino, akapanda miguu yake humo, akatoa pumzi yote, akabaki bila pumzi. Kipovu kikasimama katikati kama kimepigwa msumari.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Nimesoma."

Akavuta pumzi. Ndivyo tulivyofanya kazi majuma matatu. Soma, nimesoma. Sijawahi kuwa na mazungumzo ya kitaaluma yenye maana kuliko hayo.

Asubuhi ya kwanza ya jua kali alikuja na masizi kwenye kifuniko cha sufuria. "Madame, pakaa chini ya macho."

Nilimwambia nina kofia. Ilikuwa kofia nzuri, pana, niliinunua kwa ajili ya safari.

"Sawa, Madame."

Kufikia jioni macho yangu yalikuwa kana kwamba mtu ameyatwangia pilipili. Nilikuwa nimesomea mwanga unaotoka chini kwa miaka miwili vitabuni, kisha nikavaa kofia ya kuzuia unaotoka juu. Asubuhi iliyofuata Kambale alirudi na kifuniko kilekile, akachutama mbele ya hema.

"Kofia imeamkaje?"

Nikapaka masizi. Mmoja wetu alikuwa anasoma, na si mimi.

Sasa turudi nyuma, Lweba, kwa sababu huko ndiko kosa lilikotokea na siwezi kuliruka.

Profesa alikuwa ameniagiza nifanye mazoezi kabla ya kupanda: tafuta kitu cheupe kinachobadilika kadiri siku inavyokwenda, ukipime asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkono uzoee. Alisema hivyo bila kufikiri sana juu ya mahali ninapotoka. Nilianza na shuka la kitanda, lakini shuka halibadiliki. Nikajaribu mihogo ya mama yangu iliyoanikwa uani. Mama akasema mti wangu unamtilia kivuli kwenye mihogo na kwamba docteur asubiri ikauke. Nikachukua chombo nikaenda Lweba kwa Shangazi Zaina, dada wa baba yangu, ambaye amekausha ndagala tangu kabla sijazaliwa.

Mliokulia ziwani mnajua. Ndagala zikitoka kwenye mtumbwi zikamwagwa mchangani, zinawaka. Uwanja mzima ni fedha. Kadiri jua linavyozila, zinafifia, mpaka zinakuwa kijivu kavu kisichosema kitu. Nilipoona hivyo nilifurahi sana: theluji mpya kuwa barafu ya zamani, kwa siku moja, bila kupanda popote. Nikafunga chombo kwenye mti, nikakishika juu ya ndagala.

"Mutoto ya kaka yangu," Shangazi akasema, "unatafuta nini mu ndagala zangu?"

"Napima mwanga, Shangazi."

"Mwanga. Balikupeleka masomo miaka yote hiyo kwa kupima mwanga ya ndagala." Aliwageukia wenzake. "Bamama, mukuje muone. Huyu anasoma mpaka amerudia mwanzo."

Walicheka kwa raha zao. Kisha akaniambia jinsi yeye anavyopima. Zikikuumiza macho, mbichi. Ukiweza kuzitazama bila kukunja uso, geuza. Zikiwa zinakutazama wewe, toa. Nilichukua namba siku nzima, na kila aliposema "geuza", chombo kilikuwa kimefika karibu na namba ileile. Nina daftari hilo mpaka leo. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na ni hiyo niliyoikana.

Alasiri mama mmoja alimwaga beseni la ndagala mbichi karibu nami, kwa ule mkono wa kurusha mnaoujua, na maji yake yakaruka na magamba yake yakaruka. Niliruka pia. Nikashika kitambaa laini cha chuo nikapangusa kioo cha juu kwa makini kama jicho la mtoto. Shangazi akainama, akachukua ncha ya kitenge chake, akapitisha mara moja kwenye kioo cha chini.

"Iko safi."

Nikaamini. Kioo cha chini kinatazama chini; vumbi linaanguka juu, mvua inaanguka juu, ndege wananyea juu. Kitu gani kingechafua kinachotazama chini? Kila asubuhi mlimani nilipangusa kioo cha juu. Majuma matatu sikugeuza chombo hata mara moja.

Tuliposhuka, nilikaa chumbani Mutwanga nikafungua sanduku ili nisafishe kila kitu kabla ya kufunga safari. Nikageuza chombo. Kioo cha chini kilikuwa na utando wa manjano, mwembamba, umekauka vizuri, na ndani yake magamba manne madogo. Nikanusa. Lweba nzima ilikuwemo.

Hapo nilitakiwa kuandika sentensi moja kwenye daftari. Niliandika moja: "Vioo vimesafishwa." Ilikuwa kweli kabisa. Nilitumia maji ya moto na sabuni.

Mtaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza mara nyingi kuliko ninyi. Kule chuoni Bukavu wenzangu waliniita Mama Ndagala kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Nikifungua mkoba, mtu anasema amesikia harufu ya Fizi. Ulikuwa utani, na nilicheka nao. Lakini kusimama mbele yao na kusema kwamba vipimo vya kwanza vya barafu ya nchi yetu vimeharibiwa na magamba ya ndagala za shangazi yangu, hilo sikuliweza. Ningekuwa hadithi ya chuo mpaka leo.

Profesa aliziona namba. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, si mjinga. Alisema barafu yangu ni nyeusi mno, haiwezi kuwa nyeusi hivyo.

"Nani alishika mti?"

"Kambale, mpagazi mmoja. Msaidizi aliugua."

"Mkono wake ulikuwa unatikisika?"

Hapo ndipo. Nimeipitia dakika hiyo mara nyingi na kila mara nakuta palikuwa na muda wa kutosha.

"Inawezekana," nikasema.

"Na chombo, kilikwenda popote kabla ya mlima?"

"Hapana."

Msimu uliofuata alimtuma kijana wa chuo, aliyefunzwa, ashike mti. Kambale alikuja pia, kwa kuni na masufuria. Namba zikatoka sawasawa. Profesa akaridhika: tumebadilisha mshikaji, namba zimenyooka, basi kosa lilikuwa la mshikaji. Shikeni hilo vizuri, ninyi mtakaofanya utafiti, maana ndiyo elimu pekee niliyo nayo ya kuwapa. Tulikuwa tumebadilisha vitu viwili, mshikaji na kioo. Yeye alijua kimoja. Mimi nilijua vyote viwili nikanyamaza.

Na kulikuwa na ushahidi mwingine ambao mtu yeyote mwenye muda angeuona. Mkono unaotikisika hukosea huku na huku. Namba zinapanda, zinashuka. Namba zangu za msimu wa kwanza zilikuwa chini siku zote, asubuhi na mchana, kwa theluji na kwa barafu, kwa kiasi kilekile. Hiyo si tabia ya mkono. Ni tabia ya uchafu. Nilikaa nazo mezani mwaka mzima na zilikuwa zinasema jina langu.

Kwenye ripoti ikaingia mstari mmoja: vipimo vya msimu wa kwanza viachwe, kwa sababu ya ushikaji mbovu wa msaidizi wa huko, na jina lake likaandikwa. Mstari mmoja tu. Ripoti za namna hiyo hazisomwi na watu wengi, lakini husomwa na kila anayetaka kupanda mlima uleule.

Katika msimu huo wa pili Kambale aliniuliza mara moja, tukiwa kambini, akipasua kuni.

"Madame, nilikosea wapi?"

"Ni profesa ndiye aliyepanga," nikamwambia.

"Sawa, Madame." Akarudi kwenye kuni zake.

Tasnifu ilipita. Nilipewa sifa za kutosha. Nilifundisha, nikapanda tena mara kadhaa, nikaacha. Njia nazo zimebadilika. Siku hizi vijana wanapima mwanga wa barafu kwa setilaiti, wamekaa kwenye kiti chenye magurudumu, wanakunywa soda. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo tu, upande wa goti. Setilaiti ina shida moja: haioni kupitia mawingu, na Ruwenzori ni mlima uliozaliwa ndani ya wingu. Kwa hiyo bado kuna siku mtu lazima apande na mti.

Siku kama hiyo imekuja mwaka huu. Msichana mmoja aitwaye Furaha, anayeandaa docteur yake, aliniandikia barua. Anaongoza timu ya wanafunzi watakaopanda kupima barafu kabla haijaisha. Vimebaki vipande, alisema. Wanahitaji mtu anayekumbuka mahali tulipopimia zamani, maana alama zetu zilisimikwa kwenye barafu na barafu imeondoka nazo; mtu huyohuyo ashike na mti. "Mama, huku chini ya mlima kila tunayemuuliza anatutajia Kambale. Lakini ripoti yenu inasema asishike mti. Tumwamini nani? Tusipompata yeye itabidi tukisie, na hakutakuwa na mara nyingine."

Nikaandika jibu la kwanza: kwamba mambo hayo ni ya zamani na wajaribu wenyewe waone. Nikalichana. Nikaandika la pili, lenye maneno kama "huenda" na "mazingira ya wakati ule". Lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Nikaliweka kwenye mkoba nikapanda pikipiki kwenda Lweba, nikijiambia nakwenda kumsalimia Shangazi.

Shangazi Zaina sasa anakaa zaidi kuliko anavyosimama, lakini ndagala bado ni zake na bado anasema lini zigeuzwe. Nilimweleza yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikiwa nimeketi kwenye kigoda nikitazama mchanga. Nilipofika kwenye magamba alianza kucheka, mabega yakitikisika.

"Kumbe ndagala zangu njo zilifanya mulima ikuwe nyeusi."

"Ndizo, Shangazi."

"Na ule mwanaume?"

"Yupi?"

"Ule wa kushika muti. Alifanywa nini?"

"Alirudishwa kubeba kuni."

Akaacha kucheka. Alichukua muda kung'oa uzi kwenye kitenge chake.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Ungesema ni mi nilichafua," akasema. "Ni mi nilipangusa. Mi siko na diplome ya kupoteza."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliita mjukuu mmoja amwambie bamama wageuze, kisha akaniuliza kama nitakula.

Nilirudi Baraka nikaandika jibu la tatu. Lilikuwa fupi na halikuwa zuri. Nilisema nilipeleka chombo kwenye ndagala, kwamba kioo cha chini kilichafuka, kwamba sikukigeuza, kwamba nilikiosha Mutwanga nikanyamaza, kwamba namba za msimu wa kwanza zipo chini kwa kiasi kilekile siku zote, na mwenye kutaka kuhakikisha afungue daftari langu, ambalo nilipiga picha kurasa zake zote nikazituma. Nilisema Kambale hakukosea hata siku moja. Nikamtumia Furaha, nikamtumia profesa wangu, aliyestaafu, na ofisi ya chuo inayotunza ripoti.

Profesa alinijibu maneno sita. Sitayaandika hapa, alistahili kuyasema, nami nilistahili kuyasoma. Ofisi ya chuo ikasema imepokea. Furaha akaandika, "Asante Mama, nitakwenda kwake mwenyewe," kisha kimya. Majuma matatu. Sikujua kama watampa mti au kama yeye angeukubali. Mtu aliyeambiwa kwa miaka yote hiyo kwamba mkono wake ni mbovu anaweza kabisa kusema hapana, na ningekuwa wa mwisho kumlaumu. Bila yeye wangekisia, na barafu ile isingewasubiri wakosee mara mbili.

Alhamisi moja nilikuwa sokoni Baraka, mbele ya nyanya, simu ikalia. Namba siijui.

"Allo, Madame. Niko Kambale."

Nilitoka kwenye kelele nikasimama kando ya ukuta.

"Ule msichana alifika kwangu," akasema. "Alinisomea barua yako. Nikamwambia arudilie. Akarudilia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ilikuwa samaki."

"Ilikuwa samaki."

Nikasikia kuku upande wake, na mtu akipiga kitu kama chungu. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyatayarisha kwa majuma matatu. Akanikata, bila ukali.

"Ngoja, Madame. Mi sikunywa kahawa."

"Kahawa?"

"Tangu ule mwaka banarudisha mi ku kuni. Nilifikiri, labda ni kahawa inatikisa mukono. Nikaacha. Mi nalima kahawa, nachuma, naanika, nauzisha. Sijakunywa. Muke yangu akipikia wageni, mi natoka inje." Alisema hivyo kama mtu anayetoa taarifa ya shamba. "Hata bila kahawa nilikuwa naangalia mukono. Asubuhi naunyoosha mbele ya mulango, naangalia. Hautikisike. Nasema, labda juu kule njo unatikisika."

Niliweka kikapu changu chini.

"Jana bamenipa ule muti, tulijaribu hapa ku uwanja ya kanisa. Kipovu ilikaa. Tunapanda kesho kutwa, nitabaonyesha mahali zote."

"Vizuri, Kambale. Nimefurahi."

"Si juu ya ile nakupigia," akasema. "Nakupigia juu uko mutu moja mwenye anajua tangu mwanzo haikuwa mukono. Kahawa iko hapa mbele yangu. Ya leo, muke yangu amekaanga mwenyewe."

Nikasikia kikombe kikigonga meno, akanywa taratibu, akameza. Halafu akanywa tena. Tulikaa hivyo kwenye simu mpaka akaimaliza, kisha akakata.